Matundu Mawili: Gari Kuukuu, Fundi wa Mtaani na Siasa ya Matunzo

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alinikuta nimelala chali chini ya gari, shati limejaa oili na uso umejaa vumbi la kutu. Alisita kidogo, kisha akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo, Daktari." Kabla sijamaliza kuitikia, akatoa swali ambalo nadhani alikuwa nalo kwa muda mrefu: "Samahani, Daktari, kwa nini usiliuze hili ukatafuta gari la maana?" Nilimjibu kwa mzaha, akacheka, akaenda zake. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster la mwaka 1992, gari dogo la spoti la viti viwili lililoundwa na Mazda, ambalo nje ya Japani hujulikana zaidi kwa jina la MX-5. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi Februari 1989. Lina injini ya lita 1.6, paa la turubai linalokunjwa kwa mkono, taa za mbele zinazoinuka na kujifunika, na uzito usiofika tani moja. Wahandisi walioliunda, wakiongozwa na Toshihiko Hirai, walishika msemo wa Kijapani jinba ittai, yaani mpanda farasi na farasi wake kuwa kitu kimoja. Halikukusudiwa kuwa gari la nguvu nyingi, bali gari jepesi, la bei ya kawaida, ambalo mtu wa kawaida angeweza kulimudu na kulitunza. Mwaka 2000 kitabu cha rekodi cha Guinness kililitambua kuwa gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko mengine yote duniani, na mwezi Aprili 2016 gari la milioni moja la aina hiyo likatoka kiwandani.

Najua hoja itakayoinuliwa hata kabla sijafika mbali: mhadhiri na gari la spoti, wapi na wapi? Sisi tuliokulia katika nchi ya Azimio la Arusha tulirithi neno "wabenzi", na watoto wetu wamejiongezea "shangingi". Tuna haki ya kumtilia shaka msomi anayeandika juu ya starehe zake. Basi niseme wazi kwamba nililinunua kwa mwenzangu aliyekuwa akimaliza mkataba wake nchini, kwa bei ndogo kuliko ile ya magari mengi yaliyoegeshwa nje ya vyumba vyetu vya mihadhara. Lakini sikulileta hapa ili nilisifu. Nimelileta kwa sababu niliwahi kuliua kwa uzembe wangu mwenyewe, na namna nilivyoliua imenifundisha kuhusu utumishi wa umma mambo ambayo tasnifu yangu haikunifundisha.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita niliondoka kwenda masomoni ng'ambo kwa ajili ya shahada ya uzamivu. Gari nililiacha Dar es Salaam, nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini. Nililifunika kwa turubai, nikamwachia ndugu yangu ufunguo, nikamwomba awe analiwasha mara mojamoja. Sikumwandikia ratiba wala kumwachia fedha, na sikumweleza cha kuangalia. Kisha nikaenda kukaa maktabani kwa takriban miaka minne nikiandika tasnifu juu ya uwajibikaji katika taasisi za umma. Naomba msomaji asome sentensi hiyo mara ya pili, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuona aibu iliyomo.

Niliporejea, kwa macho gari lilikuwa zima. Vumbi tu, na kinyesi cha ndege. Niliweka betri mpya, likawaka siku ileile. Nilijipongeza. Kisha nikalipeleka kwa fundi wangu, mzee aliyeanza kazi ya gereji akiwa kijana wa kubeba spana na ambaye leo husikia ugonjwa wa injini kabla bonati haijafunguliwa. Hakuanza na injini. Alipiga magoti kando ya mlango, akachukua bisibisi na kuibonyeza kwenye kizingiti cha bodi, lile boksi refu la bati linalopita chini ya mlango. Bisibisi ikazama kama kisu katika papai bovu.

"Mwalimu," alisema bila kuinua macho, "gari hili halikuharibika. Liliachwa."

Sababu yake ni ndogo mno. Paa la turubai la gari hili lina mfereji wa kukusanya maji ya mvua, na nyuma ya viti, upande wa kulia na wa kushoto, kuna matundu mawili yenye mirija inayoyapeleka maji hayo chini, mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani yakiingia humo, hugeuka tope, na tope huziba mirija. Maji yakikosa njia hutafuta pengine pa kwenda, na pengine penyewe ni ndani ya vizingiti, mahali ambapo jicho halifiki. Pale hukaa. Ukiongeza unyevu na chumvi ya hewa ya pwani yetu, bati huliwa kutoka ndani kwenda nje. Siku rangi inapoanza kufura kwa nje, kazi ya kutu ndani imekwishakamilika.

Mwarobaini ulifanya kazi yake ya kudondosha majani. Masika na vuli nazo zilifanya kazi zake. Sisi wawili tuliopewa dhamana, mimi na ndugu yangu, hatukufanya yetu. Dawa ya matundu yale ni uzi mnene wa plastiki unaosukumwa taratibu ndani ya mrija mara mbili kwa mwaka, na kikombe cha maji cha kuhakikisha kwamba njia iko wazi. Ni kazi ya dakika kumi. Kwa kuwa dakika hizo kumi hazikupatikana, nililipa mishahara yangu ya miezi miwili.

Puti na bati

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, au tuseme nilitaka kulifanya. Nilimwuliza fundi wa kunyoosha bodi kama hawezi kuziba mashimo kwa puti, akapiga rangi, mambo yakaisha. Puti, kwa wasioijua, ni ule udongo laini wa kemikali unaopakwa juu ya bati, ukikauka unasuguliwa kwa msasa, ukipakwa rangi unang'aa. Kazi ya siku tatu kwa bei ya chini. Picha yake ingependeza sana.

Fundi alikataa fedha yangu. "Nikikupigia puti, Daktari, utanisifu mpaka masika," alisema. "Baada ya masika utanitukana, na utakuwa na haki." Akanieleza kwamba vizingiti hivi si pambo. Gari lisilo na paa la chuma hutegemea sana sakafu na vizingiti vyake ili lisipinde. Ukiliinua kwa jeki pale palipooza, linabonyea. Likipata ajali, hakuna kinachobeba pigo. Puti huficha hatari hiyo kwa mwenye gari na kwa atakayelinunua baadaye.

Njia ya haki ilikuwa ndefu: kukata bati lote bovu mpaka kulifikia lililo zima, kukunja bati jipya kwa umbo lilelile, kuchomelea, kupaka dawa ya kuzuia kutu ndani na nje, na mwisho kabisa, rangi. Kazi ilichukua wiki kadhaa. Nilipita pale kila jioni, na mara nyingi gari lilionekana baya kuliko siku ya jana. Fundi aliniambia ndivyo inavyotakiwa, kwamba kabla ya kutengeneza lazima kwanza ukubali kuona ukubwa wa uharibifu.

Nimeishi ndani ya taasisi za umma muda wa kutosha kuitambua puti ninapoiona. Ukuta wa hosteli hupakwa rangi wiki ya ziara ya mgeni rasmi huku bomba linalovuja ndani ya ukuta likiachwa. Ripoti ya utekelezaji huandikwa kwa lugha inayong'aa juu ya mradi uliooza. Hatukosi mafundi wa puti katika utumishi wetu, na tatizo ni kwamba tunawapandisha vyeo. Fundi aliyesema "tukate mpaka tulifikie bati zima" huitwa mkorofi.

Orodha ya kazi ndogo

Baada ya bodi ilikuja zamu ya mengine. Wanaodhani gari kuukuu la spoti hudai miujiza ya kihandisi watashangaa kusikia orodha hii.

Injini ilikuwa ikitoa sauti ya tik-tik kwa juu, kama saa ya ukutani. Mtu asiyejua angekwambia injini imekufa. Kumbe vijisukumio vidogo vinavyokaa juu ya vali katika injini hii hujirekebisha kwa shinikizo la oili, na oili ikizeeka na kuwa chafu, hushindwa kujaa. Tulimwaga oili, tukabadilisha chujio, tukaendesha kidogo, tukamwaga tena. Sauti ikapungua, kisha ikatoweka.

Mkanda wa taimingi, unaounganisha mwendo wa sehemu ya chini ya injini na ule wa vali, hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 au hivi. Sikuwa na kumbukumbu yoyote ya lini ulibadilishwa, kwa hiyo tuliubadilisha. Waunda injini hii walikuwa na huruma, maana mkanda ukikatika gari huzimika tu, bila pistoni kugonga vali. Injini nyingi hazina huruma hiyo. Pampu ya maji tuliibadilisha papo hapo, kwa sababu kuifikia kunahitaji kufungua sehemu ilezile, na ni upumbavu kulipia kazi moja mara mbili.

Pedeli ya klachi ilikuwa ikizama. Kosa lilikuwa kwenye pampu ndogo iliyo kando ya giaboksi, ambayo mpira wake wa ndani hukauka na kuvujisha mafuta. Ni kipuri kidogo, na maradhi haya yanajulikana kwa kila mwenye gari la aina hii. Kisha betri. Katika gari hili betri hukaa nyuma, ndani ya buti, na awali liliwekewa betri maalumu iliyofungwa, yenye mirija ya kutoa hewa nje. Mimi, kwa haraka zangu za siku ile ya kurejea, nilikuwa nimeweka betri ya kawaida. Mvuke wa asidi ulikuwa umeshaanza kula bati la buti. Kosa hilo nalo ni langu, simlaumu mtu.

Msomaji ataona kwamba katika orodha yote hii hakuna kitu kikubwa. Kuna oili, mkanda, mpira, mrija na uzi wa plastiki. Gari hufa kwa vitu vidogo vilivyokosa mtu wa kuvikumbuka. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichonunua baada ya matengenezo kilikuwa daftari. Humo huandika tarehe, kilomita, kilichofanyika, aliyekifanya na kinachofuata. Daftari lile, katika uchambuzi wangu, ndilo kipuri muhimu kuliko vyote.

Uwanja wa magari yaliyokufa

Sasa twende nyuma ya ofisi moja ya umma niliyoitembelea kwa shughuli za utafiti. Siitaji, kwa sababu si ya pekee, na kila mtumishi anayesoma hapa anaijua yake. Nyuma ya jengo palikuwa na magari yaliyowekwa juu ya mawe. Moja lilikuwa halina magurudumu, jingine halina taa, la tatu lilikuwa limeota majani mpaka kwenye bonati. Namba za usajili za serikali zilisomeka vizuri.

Dereva mmoja mtu mzima alinipa historia ya mojawapo. Aligundua kwamba linavuja oili. Akaandika kwenye kitabu cha safari, akajaza fomu. Fomu ikapanda ghorofani, ikarudi kwa kukosa sahihi, ikapanda tena. Jibu likaja kwamba fungu la matengenezo la robo ile limekwisha. Safari za wakubwa hazikusimama. Dereva akawa anaongeza oili kwa fedha yake ya mfukoni, mpaka siku moja, akiwa njiani, injini ikakauka na kujifunga. Baada ya hapo, aliniambia, mambo yalikwenda haraka. Kikao kiliitishwa, na kilichojadiliwa ni ununuzi wa gari jipya. "Fedha ya pete ya mpira haikuwepo, Daktari," alisema, "lakini ya gari ikapatikana."

Tuliokaa darasani tunajua kwa nini iko hivyo. Gari jipya hukabidhiwa kwa sherehe, funguo hutolewa mbele ya kamera, na kiongozi husimama kando yake akitabasamu. Hakuna kiongozi aliyewahi kualika waandishi wa habari waje kushuhudia ubadilishaji wa chujio la oili. Matunzo hayana uzinduzi wala utepe wa kukatwa, na yakifanyika vizuri matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Siasa zetu hazijui namna ya kumlipa mtu kwa kitu ambacho hakikutokea.

Gharama yake si ya kukisia. Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994, iliyotolewa na Benki ya Dunia na kujikita katika miundombinu, ilikadiria kwamba dola za Marekani bilioni 12 zilizotumiwa kwa wakati katika kutunza barabara za Afrika zingeokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya katika muongo uliotangulia. Kila shule ya msingi nchini hufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watoto huimba methali hiyo, kisha wakikua na kuwa maofisa wa mipango hutenga fedha za kuta na kusahau za nyufa.

Heshima ya anayetengeneza

Afrika Mashariki haijawahi kukosa watu wa kutengeneza. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya vumbi na tope ambavyo viliwashinda madereva wengi wenye majina makubwa. Mwaka 1965 zilishindwa na Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, Wakenya, wakiwa na Volvo PV544 ambayo si mpya, iliyokwisha kutumika mashindanoni kabla ya kufika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Mtu anayejua sauti ya kila bolti ya gari lake hujua pia ni wapi aliendeshe kwa nguvu na ni wapi alihurumie.

Warithi wake katika ujuzi huo wapo leo Gerezani na Ilala hapa Dar es Salaam, wapo Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala. Wengi hawana cheti. Tunawaita "mafundi wa chini ya mwembe" kwa sauti ya dharau, ingawa ni wao wanaoziweka barabarani daladala, bodaboda, magari ya wagonjwa na magari yetu sisi wenye shahada. Sisemi kwamba wote ni waadilifu. Nimeuziwa vipuri bandia kama wengine, na nimewahi kukutana na fundi aliyefungua kisichohitaji kufunguliwa. Hata hivyo, kijana anayejifunza kwa fundi wangu hulipwa nauli na chakula, na hana karatasi yoyote ya kuonyesha baada ya miaka mitano. Mzee huyo akiondoka, ujuzi wake utaondoka naye, na hakuna taasisi itakayotambua kwamba imepata hasara.

Linganisha na yaliyofanywa na waliolitengeneza gari langu. Mwaka 2017 Mazda ilitangaza kwamba itaanzisha nchini Japani huduma ya kuyakarabati magari haya ya kizazi cha kwanza, pamoja na kuzalisha upya baadhi ya vipuri vilivyokuwa vimekwisha sokoni, kuanzia paa la turubai mpaka usukani wa mbao. Walizungumza kwanza na wamiliki na mafundi wanaoyashughulikia, wakawauliza ni nini kinachohitajika. Ni biashara, najua, na bei yake si ya mshahara wangu. Lakini ndani yake kuna fikra tunayoikosa, kwamba wajibu wa anayetengeneza kitu hauishii siku ya kukiuza.

Na kuna jambo jingine linalokuja kwa kasi. Gari langu likiwa na hitilafu ya umeme wa injini, fundi huunganisha matundu mawili ya kiboksi kidogo kilicho ndani ya bonati kwa kipande cha waya, kisha huhesabu mwako wa taa na kusoma namba ya hitilafu. Mtu yeyote mwenye kitabu cha maelekezo anaweza. Magari mengi ya leo, na mashine za hospitali, na matrekta, huficha maelezo hayo ndani ya kompyuta zinazofunguliwa kwa programu ya mtengenezaji pekee. Ndiyo maana wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 2012 walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa wamiliki na gereji huru taarifa za matengenezo, na Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 ukapitisha maelekezo yake juu ya haki ya kutengeneza bidhaa mbalimbali. Sisi, tunaonunua karibu kila mashine kutoka nje, tulipaswa kuwa wa kwanza kudai haki hiyo.

Pingamizi lenye nguvu

Mwenzangu mmoja wa uchumi aliniambia kwamba ninatetea uchakavu. Kenya, alisema, hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8, Uganda imeweka ukomo wa miaka 15, nasi Tanzania huongeza ushuru kwa magari yenye umri mkubwa. Sababu zake zinaeleweka: moshi, usalama, na kukataa kuwa jalala la wengine.

Pingamizi hili nalichukua kwa uzito. Si kila kitu kinapaswa kutengenezwa. Kuna siku gharama ya kulitunza gari huzidi thamani ya kazi linayofanya, na gari lenye breki mbovu au tairi zilizokakamaa kwa umri halina haki ya kuwa barabarani hata kama mwenyewe analipenda. Lakini umri unaozuiwa bandarini hausaidii kitu ikiwa baada ya kupita geti hakuna anayeuliza habari ya matunzo. Gari la miaka 6 lisilobadilishwa oili wala pedi za breki ni hatari kuliko la miaka 30 lenye daftari. Sera inayohesabu miaka pekee hutufundisha kwamba usalama hununuliwa mara moja, wakati usalama ni tabia.

Tufanye nini

Nina mapendekezo manne, na nayaelekeza kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na kwa wanaharakati wanaowabana.

Kwanza, mali yoyote ya umma isipokelewe bila mpango wa matunzo wa maisha yake yote ulioandikwa na kutengewa fedha. Hili lihusu pia misaada. Mfadhili anayetoa mashine bila vipuri wala mafunzo ametupa mzigo, na tuwe na ujasiri wa kumwambia.

Pili, kila mali iwe na daftari na mtu mwenye jina. Hali ya mali iwe sehemu ya tathmini ya mkuu wa ofisi kila mwaka, na anapohama, makabidhiano yahusu hali halisi, siyo idadi peke yake. Wanaharakati wanaosubiri ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kwa ajili ya wizi mkubwa waisome pia kwa ajili ya uzembe mdogo.

Tatu, mikataba ya ununuzi idai vitabu vya matengenezo, vifaa vya kupimia hitilafu na uhakika wa vipuri kwa idadi ya miaka iliyotajwa. Kile tusichoruhusiwa kukifungua hatujakinunua.

Nne, tumpe fundi heshima yenye karatasi. VETA inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, nao upanuliwe na ufike kila mtaa wa gereji. Na sisi wa vyuo vikuu tuwapeleke wanafunzi wa uhandisi wakae miezi kadhaa chini ya mwembe, fundi alipwe kama mwalimu, maana ndivyo alivyo.

Nikirejea kwa mwanafunzi wangu: siliuzi gari hili kwa sababu nina deni nalo. Bado halijakamilika. Rangi ya mlango wa kushoto haijafanana vizuri na ya bodi, na taa moja ya mbele huamka ikiwa imechelewa kidogo. Lakini kila mwaka kabla ya masika, na tena kabla ya vuli, huchukua uzi wangu wa plastiki, nikasukuma katika tundu la kulia na la kushoto, nikamimina kikombe cha maji, nikainama kuangalia kama yanatoka chini. Yakitoka, naandika tarehe katika daftari. Ndicho nilichokuwa nikifanya Jumamosi ile uliponikuta.

Nawe ndugu mtumishi, kesho ukifika kazini, uliza: matundu mawili ya ofisi yako yako wapi, na ni nani aliyeandikwa kuyazibua?